Glasi Tano Ndogo Mezani: Jinsi ya Kuonja Bia za Kiwanda Kidogo

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Tumekwenda kwenye kiwanda kidogo cha bia, tumekuta bomba nane ukutani na majina tusiyoyajua. Tuanzie wapi?" La pili hufuata papo hapo: "Tuliagiza moja ikaja na ukungu na harufu ya ndizi. Ilikuwa imeharibika?" La tatu huulizwa kwa manung'uniko: "Mbona bei ni mara mbili ya bia ya kawaida, na hata baridi haikuwa ya kutosha?"

Maswali yote matatu yana mzizi mmoja. Wengi wetu tumezoea aina moja tu ya bia: laga nyepesi ya rangi ya dhahabu, inayoletwa mezani baada ya mhudumu kuuliza "baridi au ya moto?" Tusker, Kilimanjaro, Safari, Nile Special, Primus, zote ni za ukoo huo. Siku tunapokutana na bia ya ukoo mwingine tunaipima kwa kipimo cha laga, na kila isiyofanana na laga tunaiita mbovu. Ninachokuomba katika makala haya ni jambo moja: kila bia ipime kwa aina yake, na uielezee kwa maneno ya jikoni kwako.

Kabla sijaendelea, neno kwa wasiokunywa. Kama huinywi pombe kwa sababu ya dini, afya au uamuzi wako tu, hapa hakuna la kukushawishi ubadilike. Na kama una mimba, uko kwenye dawa ambazo daktari amekukataza kuchanganya na pombe, au hujafika miaka 18, makala haya si yako.

## Kabla hujatoka nyumbani

Kuonja kunafanywa na pua zaidi kuliko ulimi. Ulimi unajua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote, ndizi, kahawa, chungwa, mkate uliookwa, huyapata kwa pua. Kwa hiyo ilinde pua yako siku hiyo.

- Usijipake manukato, na usikae kwenye moshi wa udi kabla ya kutoka. Nguo iliyofukizwa hutawala meza nzima, na wenzako hawatanusa kingine.
- Kula. Chapati, wali, ugali, chochote kizito na kisicho na pilipili nyingi. Tumbo tupu hulewa kabla ulimi haujajifunza kitu.
- Usipige mswaki saa moja kabla ya kuonja. Dawa ya meno hugeuza ladha ya kila kitu.
- Sigara, miraa, kahawa ya tangawizi: viache mpaka umalize.
- Panga usafiri wa kurudi. Asiyekunywa azishike funguo, au muite teksi. Bodaboda si usafiri wa mtu aliyekunywa, hata akiwa abiria wa nyuma.

Kama una mafua, ahirisha. Ni kupoteza fedha tu.

## Namna ya kuagiza

Usiagize glasi kubwa ya kwanza unayoiona. Omba glasi ndogo za kuonjea. Viwanda vingi vidogo huziuza kwa seti ya nne, tano au sita kwenye kibao cha mbao. Kama hawana seti, muulize mhudumu kwa heshima: "Dada, naweza kupata kidogo cha kuonja kabla sijaamua?" Sijawahi kukataliwa mahali wanapojivunia bia yao.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwa udogo wa glasi. Tufanye hesabu. Glasi 5 za mililita 100 ni nusu lita, sawa na chupa moja kubwa. Ikiwa kila moja ina kilevi cha asilimia 5, hakuna tatizo. Lakini glasi zikiwa za mililita 150, na bia zenyewe zikiwa na asilimia 7, umekunywa mililita 750 zenye mililita 52 na nusu za kilevi halisi. Chupa ya nusu lita ya laga yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Maana yake, kibao kile kizuri cha glasi ndogo ni sawa na chupa mbili na nusu, na bado hujaagiza bia ya kunywa na chakula.

Kwa hiyo soma ubao kabla ya kuagiza. Kwa kawaida kila bia huandikiwa namba mbili. Yenye alama ya asilimia ni kiasi cha kilevi. Ya pili huandikwa IBU, nayo ni kipimo cha uchungu unaotoka kwenye hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Laga nyepesi tuliyoizoea huwa kati ya 8 na 18. Pilsna yenye msimamo hufika 30 au 40. IPA, ile bia ya hopsi nyingi tutakayoifikia chini, huanzia 40 na inaweza kufika 70. Ukiiona 65 na hujawahi kunywa kitu kichungu zaidi ya laga, usiikimbie, ila usianze nayo.

## Zipange hivi

Kanuni ni moja: nyepesi kwanza, kali mwisho. Ugumu ni kujua ipi ni nyepesi, kwa sababu rangi inadanganya. Watu wengi wanaamini bia nyeusi ndiyo kali. Guinness ya bomba wanayokunywa Ireland iko kwenye asilimia 4 na kitu, sawasawa na Tusker laga. Ile ya chupa inayouzwa kwetu ni kali zaidi, na pengine ndiko imani hiyo ilikotoka. Weusi ni nafaka iliyokaangwa, kama ugali unavyopata ukoko. Kilevi ni jambo lingine kabisa.

Panga kwa mfuatano huu:

1. Laga au pilsna
2. Bia ya ngano
3. Eli ya rangi ya shaba au kahawia
4. Stauti ya kawaida
5. IPA
6. Bia chachu, kama ipo
7. Chochote chenye kilevi cha asilimia 8 kwenda juu

Najua wapo wanaoweka stauti baada ya IPA. Mimi naitanguliza stauti ya kawaida kwa sababu uchungu wa hopsi unabaki ulimini muda mrefu kuliko uchungu wa nafaka iliyoungua. Ukishakunywa IPA, laga inakuwa maji. Ukitoka kwenye stauti nyepesi, IPA bado inasikika.

## Hatua saba kwa kila glasi

Usiogope kuonekana unajifanya. Ukizoea, hatua hizi zote hazichukui hata dakika mbili.

1. Itazame. Inua glasi mbele ya kitu cheupe, karatasi au leso. Ni angavu au ina ukungu? Povu limesimama au limekufa mara tu glasi ilipotua mezani?
2. Inuse kabla hujainywa. Nusa mara mbili fupi, kama unavyonusa maziwa kujua kama yamelala. Kisha funika glasi kwa kiganja, izungushe polepole, ondoa kiganja na unuse tena. Harufu iliyojificha itatoka.
3. Funda la kwanza ni la kusafisha ulimi. Usihukumu lolote. Funda la kwanza la siku hudanganya kila mtu, hata wapishi wa bia.
4. Funda la pili lishike mdomoni sekunde tatu au nne. Lizungushe pande zote, chini ya ulimi na kwenye mashavu. Sikia uzito wake: ni kama maji, kama chai ya maziwa, au kama uji mwepesi?
5. Meza, kisha pumua nje kwa pua, mdomo ukiwa umefungwa. Hatua hii ndiyo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayotoa nusu ya ladha. Waonjaji wa mvinyo hutema. Kwenye bia usiteme, maana uchungu wake hukawia na huja baada ya kumeza.
6. Hesabu. Ladha inabaki sekunde ngapi? Inaondoka safi, au inaacha kitu kibaya nyuma?
7. Andika maneno matatu. Matatu tu, kwenye simu au kikaratasi. "Ndizi, karafuu, nyepesi." Kesho yake utashukuru.

Kati ya glasi na glasi kunywa maji ya kawaida yasiyo baridi sana, na utafune kipande cha mkate mkavu. Korosho za chumvi, kachumbari na mishkaki visubiri.

Na usimalize glasi. Bakiza funda moja katika kila moja, uzirudie zote baada ya robo saa zikiwa zimepoteza ubaridi. Utashangaa. Kuna bia zinazofunguka kama ua, na nyingine, hasa zilizotegemea barafu kuficha kasoro zake, huanguka papo hapo.

## Aina utakazokutana nazo

Laga na pilsna. Usizidharau kwa kuwa unazijua. Pilsna ilianzia mji wa Pilsen, katika nchi inayoitwa leo Czechia, mwaka 1842, pale mpishi wa bia kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll alipotumia kimea cha rangi nyepesi na maji laini ya mji ule. Kwenye kiwanda kidogo, laga ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Inahitaji ubaridi wa kudumu na wiki kadhaa za kutulia kwenye tangi, na haina mahali pa kuficha kosa. Ukitaka kujua kama mpishi ana mkono safi, anza na laga yake. Tafuta harufu ya mkate, nyasi zilizokatwa, na uchungu unaomalizika bila kukwaruza.

Bia ya ngano. Hii ndiyo inayoleta malalamiko mengi, na mimi mwenyewe nilikuwa mlalamikaji. Mara yangu ya kwanza niliirudisha. Ilikuwa imefunikwa na ukungu kama maji ya mchele, na ilipofika puani nikasikia ndizi mbivu sana, zile zenye madoa meusi. Nikamwambia kijana wa kaunta kwamba imechacha. Hakubishana nami. Aliichukua, akaniletea nyingine ya pipa lilelile, akasema, "Kaka, usifikirie bia. Fikiria jiko la mama siku ya pilau." Nikafunga macho, nikanusa tena. Chini ya ile ndizi kulikuwa na karafuu, wazi kabisa, kama mtu ameidondosha kwenye mafuta ya moto. Ndani yake hakukuwa na ndizi wala karafuu hata punje. Harufu zote mbili zinatengenezwa na hamira ya bia za ngano za Bavaria, na ule ukungu ni hamira hiyo pamoja na protini ya ngano. Kukosa harufu hizo ndiyo kasoro.

Ipo ndugu yake ya Ubelgiji, ambayo kweli hutiwa viungo: mbegu za giligilani na maganda ya chungwa. Ilikuwa imekwisha kutoweka mpaka Pierre Celis alipoifufua katika mji wa Hoegaarden miaka ya 1960. Mpishi wa Kiswahili anayejua giligilani hatapata shida kuitambua.

Eli ya shaba na ya kahawia. Tofauti ya eli na laga iko kwenye hamira. Hamira ya eli hufanya kazi kwenye joto zaidi na kwa haraka zaidi, na huacha harufu za matunda. Tafuta sukari iliyoungua, njugu za kukaanga, ganda la mkate. Ni bia ya kati, rahisi kupendwa, na mimi humshauri anayeanza aifanye kituo chake cha kupumzikia.

Stauti. Kahawa, kakao, ukoko. Uchungu wake unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Wanaojua kahawa ya pwani, ile chungu inayoletwa kwenye vikombe vidogo pamoja na kashata, huielewa haraka kuliko watu wengine wote. Usiinywe ikiwa baridi kali. Ipe dakika kumi.

IPA. Jina limetokana na bia za Waingereza zilizosafirishwa kwa meli kwenda India zikiwa na hopsi nyingi. IPA za leo zimepata sura yake Marekani, kutokana na hopsi kama Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, yenye harufu ya balungi. Nyingine hunukia embe, pasheni au msonobari. Kosa kubwa la anayeanza ni kukimbilia uchungu na kuiacha harufu. Inuse kwa muda mrefu kuliko zote, kisha ndiyo unywe. Na uulize imepikwa lini: harufu ya hopsi hufifia upesi, na IPA iliyokaa miezi mingi kwenye joto si IPA tena.

Bia chachu. Uchachu wake umekusudiwa, kama wa ukwaju au maziwa ya mgando. Swali la kujiuliza ni kama uchachu huo ni safi wa ndimu, au mkali wa siki. Wa ndimu umepikwa. Wa siki mara nyingi ni ajali.

## Mbege ilinifundisha kabla ya yote

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mambo haya ya kunusa na kuandika maneno ni ya wageni. Sikubali. Bibi yangu, Marangu, alipika mbege ya siku ya soko. Ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na magome ya msesewe kwa ajili ya uchungu. Msesewe kwa mbege ni kama hopsi kwa bia: bila huo, ni utamu mtupu. Nilikuwa namwona akichota kwa kata, anatazama povu kwanza, anasogeza pua, anatulia. Ndipo anaonja. Kisha anatoa hukumu kwa neno moja: "bado", au "tayari", au "imepita". Watu walikuwa wanangoja neno hilo.

Kwa hiyo ukiwa umewahi kunywa mbege ya Uchagani, ulanzi wa Iringa, busaa ya magharibi mwa Kenya, urwagwa wa Rwanda au kasiksi ya Kivu, una kipimo tayari. Unajua pombe yenye ukungu si lazima iwe mbovu. Unajua pombe ya asubuhi na ya jioni si moja. Chukua ujuzi huo huo, uupeleke kwenye bomba nane ukutani.

## Kasoro halisi ni hizi

Baada ya kukuonya usiite kila kigeni kibovu, sasa nikwambie kibovu kikoje. Viwanda vidogo hukosea. Vingine hukosea sana. Una haki ya kujua.

- Siki kwenye bia isiyokusudiwa kuwa chachu: bakteria wameingia, mara nyingi kwenye mipira ya bomba isiyosafishwa.
- Siagi, au bisi za siagi: bia imetolewa kwenye tangi kabla hamira haijamaliza kazi, au mipira ni michafu. Katika baadhi ya eli za Kiingereza kidogo chake kinaruhusiwa. Kwenye laga nyepesi, si sawa.
- Tofaa bichi: bia changa, imeharakishwa.
- Mahindi ya kuchemsha au kabichi iliyopikwa: tatizo la uchemshaji au upoozaji.
- Boksi lililolowa: hewa imeingia, bia imezeeka.
- Dawa ya hospitali, plasta ya kidonda: mara nyingi ni klorini ya maji au ya usafi iliyobaki.
- Sarafu, damu ya jino: chuma kimeingia kwenye maji au kwenye vyombo.
- Kicheche: mwanga umeipiga. Jua au taa hubadilisha viambato vya hopsi vikatoa uvundo wa karibu sawa na wa mnyama yule. Chupa ya kijani na isiyo na rangi hazikingi kama ya kahawia. Ndiyo maana usinunue chupa iliyopangwa dirishani.

Halafu kuna ukakasi, ambao watu huuchanganya na uchungu. Uchungu unausikia. Ukakasi unaukamata ulimi na kuukausha, kama ndizi mbichi au chai iliyosahauliwa jikoni. Bia chungu inaweza kuwa nzuri sana. Bia yenye ukakasi mwingi, mpishi amekamua maganda ya nafaka kupita kiasi.

Ukiikuta kasoro, usipige kelele wala usinyamaze. Mwite mhudumu umwambie ulichonusa kwa neno la kawaida: "Hii ina harufu ya siki. Naomba umwambie mpishi aionje." Mpishi makini atakuja mwenyewe mezani. Niliwahi kusema hivyo mahali fulani nikajibiwa kwamba "ndiyo ladha ya bia ya kisasa." Bia tatu kati ya tano zilikuwa na siki ileile. Nililipa, sikurudi.

## Makosa ninayoyaona kila wiki

Glasi iliyogandishwa. Inaonekana ya kifahari, na ni adui. Barafu ya kwenye kingo inaizimua bia, ubaridi unautia ganzi ulimi, na povu linaharibika. Omba glasi ya kawaida, safi.

Glasi yenye mafuta au sabuni. Povu likifa mara moja, usiilaumu bia kwanza. Nyumbani, lowesha glasi ndani kwa maji, nyunyiza chumvi. Chumvi ikinata sawasawa kote, glasi ni safi. Ikiacha mabaka, ina mafuta. Mikono iliyotoka kwenye nyama choma na midomo yenye rangi ya mdomo hufanya vilevile.

Kumimina bila povu. Wengi tunaona povu ni wizi. Mimina glasi ikiwa imelala nusu, kisha isimamishe katikati ili povu la vidole viwili lijengeke. Povu ndilo linalobeba harufu. Bia isiyo na povu ni pilau lisilo na mvuke.

Baridi au moto tu. Hakuna haja ya kuchagua pande hizo mbili. Laga inapendeza kati ya nyuzi 4 na 7. Eli na IPA, nyuzi 8 hadi 12. Stauti kali hata 13. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, ikitoka kwenye friji ikae mezani dakika tano, kumi ukiwa Arusha au Nairobi. Ukipewa baridi kupita kiasi, ishike glasi kwa kiganja.

Kuuliza wenzako kabla hujaandika. Mtu mmoja akisema "kahawa", meza nzima itasikia kahawa. Kila mmoja aandike kimya, kisha msomeane.

## Mashaka yenu

*"Mimi sina pua hiyo."* Unatambua maziwa yaliyolala? Unajua wali umeanza kuungua ukiwa sebuleni? Basi unayo. Kinachokosekana ni mazoezi. Wiki moja kabla ya kwenda, fungua makopo ya viungo jikoni, funga macho, nusa, taja. Karafuu, giligilani, kahawa, ganda la chungwa, ndizi iliyopitiliza. Hayo matano yatakufikisha mbali.

*"Sitapenda kitu kichungu kamwe."* Huenda. Hulazimiki. Lakini ionje siku tatu tofauti kabla hujaamua. Kahawa ya kwanza maishani mwako hukuipenda pia.

*"Kwa nini ghali?"* Kwa sababu karibu hopsi zote zinaagizwa kutoka nje, na kimea cha aina maalumu pia, ingawa shayiri inalimwa Narok, Monduli na West Kilimanjaro. Na kwa sababu anayepika lita elfu moja kwa mkupuo hawezi kugawa gharama zake kama anayepika malaki. Ila bei kubwa si ushahidi wa ubora. Majina kama Bateleur na 254 Brewing kwa Kenya, au Banange kwa Uganda, unapaswa kuyaonja na kuyapima kwa glasi, si kwa lebo. Kama bia ni ghali na ina siki, ni siki ya ghali.

*"Chakula je?"* Baada ya kuonja, kula vizuri. Bia ya ngano na pilau au samaki wa kupaka zinaelewana. Stauti ichukue nyama choma yenye mafuta, au keki ya chokoleti. IPA na pilipili zinazidishiana moto, kwa hiyo mwenye kupenda pilipili afurahie, na asiyependa ajihadhari.

## Ukibeba za nyumbani

Viwanda vingine hujaza chupa kubwa ya kubebea moja kwa moja kutoka kwenye bomba. Iweke wima kwenye friji, gizani. Ikiwa imefungwa vizuri, inywe ndani ya wiki. Ukishaifungua, siku hiyohiyo au kesho yake. Usiiache kwenye gari iliyoegeshwa juani hata kwa nusu saa, na usiigandishe kwenye friza ukifikiri unaiharakisha. Chupa ndogo zenye mashapo chini zisitikiswe, isipokuwa ya ngano, ambayo tikisa kidogo ile ya mwisho iliyobaki chupani na uimimine juu.

Kisha fanyeni jaribio hili wawili au watatu. Mmoja amimine glasi tatu jikoni: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine ya aina ileile, kwa mfano laga ya kiwanda kidogo na laga uliyoizoea. Azilete bila kusema. Wewe utafute ile ya peke yake. Viwanda vyenyewe hutumia jaribio hili kuwapima waonjaji wao. Ukiipata, mimineni tena kwa mpangilio mwingine, kwa sababu kubahatisha mara moja katika glasi tatu ni rahisi. Ukiikosa, osha mdomo kwa maji, uziache zipate joto kidogo, unuse bila kuonja. Na ukiikosa tena, funikeni chupa mlale, mjaribu kesho.